Mutoto wa Onalua

Kila mutu hapa Katanga anajua namna Patrice Lumumba alikufa, tarehe 17 Januari 1961, kule Shilatembo, karibu na muji wetu. Namna alikomea, wachache ndio wanajua. Leo tunasema juu ya ile.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 Onalua, kijiji cha Watetela upande wa Katako-Kombe, Sankuru. Baba yake, François Tolenga, alikuwa mulimaji na Mkatoliki. Jina la kwanza la mutoto lilikuwa Élias Okit'Asombo; Lumumba lilikuja nyuma.

Ile Sankuru ya kati ya vita viwili haikuwa fasi ya utulivu. Ngongo Leteta, mukubwa wa vita, wazungu walimupiga risasi mwaka 1893, na wazee wa kijiji walikuwa watu wa wakati ule. Pamba ilikuwa kazi ya lazima: mulimaji analima, kampuni inanunua kwa bei ya wakubwa, kodi inangojea papo hapo. Familia za machimboni zinajua hesabu ya namna ile. Franka inaingia kwa mukono huu, inatoka kwa ule.

Mutoto alikuwa na mulango mumoja wa kutokea: masomo ya misioni. Wakatoliki walikuwa Tshumbe-Sainte-Marie; Wamethodisti wa Marekani walikuwa Wembo-Nyama tangu 1914. Misioni hizo zilishindania watoto, na mashindano hayakuwa sawa. Serikali ya Ubelgiji ilitoa pesa kwa masomo ya Wakatoliki, Waprotestanti wakangoja mpaka nyuma ya vita ya pili. Lumumba alipita pande zote mbili. Kwa mutoto wa baba Mkatoliki, kuketi kwenye benchi ya Wamethodisti halikuwa jambo dogo. Sisi tunafikiri ni pale alizoea kuuliza wakubwa maswali. Mutu anaweza kubisha.

Lakini masomo yale yalikuwa mafupi, hapa hakuna ubishi. Yalitoa makatekista, wauguzi, makarani, basi. Mutoto mwenye akili kali alikuta ukuta. Wembo-Nyama alisoma kazi ya uuguzi, hakumaliza. Chuo kikuu cha Lovanium kilifungua mulango mwaka 1954. Yeye alikuwa tayari na miaka 29, na watoto wa kulisha.

Karibu 1943 akaacha kijiji, kijana wa miaka 18, akafika Kindu, Maniema. Kule akapata kazi ya karani kwa kampuni ya machimbo. Ndiyo, wasomaji wetu: mushahara wake wa kwanza mbali na kwao ulitoka machimboni, sawa na wa baba zetu wengi. Kiisha akaenda Stanleyville. Karatasi kubwa ya masomo aliyopata ni ile ya posta, Léopoldville, nyuma ya mwaka mumoja tu. Mambo mengine alijifundisha mwenyewe katika vitabu, jioni, kazi ikiisha. Na Kifransa hicho hicho ndicho alisema mbele ya mufalme Baudouin tarehe 30 Juni 1960.

Mwezi wa Juni 2022 Ubelgiji ilirudisha jino lake, kitu kimoja kilichobaki cha mwili wake. Sanduku lilipelekwa Onalua, kiisha Kisangani, kiisha Shilatembo, mbele ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30.