Malaika ni wimbo wa nani hasa?

Ukienda harusi Embu au Meru, subiri tu, Malaika itapigwa. Sasa muulize jirani yako mezani ni wimbo wa nani. Atakwambia wa Miriam Makeba, au Boney M.

Aliyeurekodi kwanza ni Fadhili William, Mtaita aliyezaliwa 1938. Aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na studio ya Equator ya Charles Worrod ikautoa kwa santuri. Kwenye karatasi, mtunzi akawa yeye. Makeba akauimba, Boney M wakautoa 1981, ukazunguka dunia nzima.

Lakini kuna Mtanzania, Adam Salim, aliyedai aliutunga hapo Nairobi miaka ya 1940, kwa sababu ya msichana aliyemkosa. Wengine pia wakajitokeza na madai yao. Wewe shabiki wa anime unaijua hii stori: roboti za Macross zilizozaniwa na kampuni za Japani na Marekani miaka mingi, hadi zikaelewana 2021. Kule angalau kila upande ulikuwa na mawakili wa kulipwa.

Fadhili aliishi Marekani miaka mingi, akarudi, akafariki Nairobi Februari 2001. Malaika haikuwahi kumtajirisha. Mimi naamini bila yeye usingeusikia, hata kama maneno ni ya Salim.

Kwa sheria ya Kenya, haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya kifo. Kama wimbo ni wake, hesabu inafika mwisho wa 2051.