Mama Kevina na Wapagazi

Kwetu Usinge, wapagazi ni mababu zetu waliobeba mizigo njia ya Tabora. Ndiyo maana nampenda Mama Kevina. Mfransiskani huyu alizaliwa Ireland mwaka 1875, akafika Nsambya, Uganda, mwaka 1903, akaanza kutibu watu chini ya mwembe. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, wapagazi wa jeshi la Waingereza walikufa kwa maradhi kuliko risasi. Yeye na masista wenzake waliwauguza wapagazi. Alifariki mwaka 1957. Je, mgonjwa gani mtaani kwako hakuna anayemtaja? Leo nenda kamwone.