Leonhard Euler na Nambari Iliyokataa Kugawanyika

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mpenzi msomaji, methali hii naiona katika maisha ya Leonhard Euler, mwanahisabati aliyezaliwa mjini Basel, Uswisi, mwaka wa 1707.

Babake alikuwa mhubiri na alitaka mwanawe awe mhubiri pia. Lakini Johann Bernoulli, mwanahisabati mashuhuri wa mji huo, alikitambua kipaji cha kijana akamwombea kwa babake. Mzee akakubali. Mwaka wa 1727 Euler akafunga safari hadi St. Petersburg, Urusi. Baadaye alifanya kazi Berlin miaka 25, kisha akarudi Urusi mwaka wa 1766.

Masaibu hayakumwacha. Jicho la kulia lilikuwa limeharibika tangu 1738. Sasa la kushoto nalo likaingiwa na mtoto wa jicho, akawa karibu kipofu kabisa. Mwaka wa 1771 nyumba yake ikateketea. Mtu mwingine angeketi tu alie. Euler je? Alihesabu kichwani, wanawe na wasaidizi wakamwandikia.

Mwaka wa 1772 alitangaza kwamba 2147483647 ni nambari tasa, yaani kama 7 au 13, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Huipata ukizidisha 2 thelathini na moja pamoja, kisha utoe 1. Kuihakikisha si mchezo! Ni lazima ujaribu vigawanyo mpaka 46340 hivi. Lakini Euler alikuwa mjanja. Alionyesha kwamba kigawanyo tasa cha nambari hii, kama kipo, lazima kiache baki ya 1 au 63 ukikigawanya kwa 248. Basi zikabaki hesabu zisizofika 400. Hakuna hata moja iliyogawanya sawasawa. Kwa miaka mingi baadaye hapakujulikana nambari tasa kubwa kuliko hiyo.

Mbona nimemchagua huyu? Wenzangu, macho yangu hayaoni ubao vizuri, na miwani bado tunaichangia pesa nyumbani. Muhula uliopita nilipata alama 19 katika hesabu nikasema basi, nimeachana nayo. Niliposoma habari za Euler niliona haya. Nikachukua karatasi nikajaribu kigawanyo cha kwanza, 311. Nilikosea mara mbili. Mara ya tatu nikapata baki 35. Imekataa kweli! Nilicheka peke yangu.

Siku hizi rafiki yangu wa dawati hunisomea ya ubaoni, nami nikimaliza humweleza njia. Muhula huu nimepata 41. Bado ni kidogo, lakini sijaachana nayo.

Euler alifariki tarehe 18 Septemba 1783 huko St. Petersburg. Siku hiyo hiyo alikuwa bado anahesabu.