Bibi Merian na Mjusi Mkubwa wa Amerika

Watoto, ninyi nyote mnamjua kenge. Mmemwona kando ya mto akiota jua. Ngozi yake ina magamba, ulimi wake umepasuka sehemu mbili, naye ni mwizi wa mayai. Basi, katika Amerika ya Kusini yuko mnyama anayefanana naye sana. Jina lake ni tegu. Urefu wake hufika mita moja au kupita, ulimi wake pia umepasuka, naye hula mayai, vidudu, matunda na wanyama wadogo. Mtu anayetazama upesi atamwita kenge. Lakini atakosa. Kenge na tegu si wa jamaa moja, maana kufanana kwa sura si udugu. Leo tusome habari za mwanamke mmoja aliyejua kutazama vizuri, hata tegu mmoja akapewa jina lake.

Maria Sibylla Merian alizaliwa mwaka 1647 katika mji wa Frankfurt, inchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa kuchora picha juu ya mabamba ya shaba na kuchapa vitabu. Alikufa mtoto akiwa na miaka mitatu tu. Mama yake akaolewa tena na mchoraji wa maua, naye ndiye aliyemfundisha Maria kushika kalamu na rangi.

Alipokuwa na miaka 13, Maria alianza kufuga viwavi vya hariri. Siku zile watu wengi walidhani vidudu huzaliwa na matope na vitu vilivyooza. Maria hakubishana nao. Alitazama tu, kila siku, akaandika. Aliona yai linatoa kiwavi, kiwavi kinajifungia katika ganda, na kutoka katika ganda hilo anatokea kipepeo. Alichora kila kidudu pamoja na jani analokula. Aliolewa mwaka 1665 na mchoraji mwenzake, akazaa mabinti wawili, lakini ndoa ile haikudumu. Kazi za nyumba hazikumzuia kutazama: mwaka 1679 alitoa kitabu chake cha kwanza cha viwavi.

Mwaka 1691 alihamia Amsterdam, inchi ya Uholanzi. Huko matajiri walimwonyesha vipepeo na mijusi iliyoletwa na merikebu kutoka ng'ambo. Ilikuwa mizuri, lakini ilikuwa imekufa. Hakuna aliyeweza kumwambia inakula nini wala inazaliwa namna gani. Maria akataka kuiona yenyewe katika inchi yake.

Aliuza picha zake apate fedha ya safari. Aliandika wasia, kwa sababu alijua kwamba pengine hatarudi. Mwaka 1699, alipokuwa na miaka 52, alipanda merikebu pamoja na binti yake Dorothea, wakaenda Surinam, koloni la Waholanzi katika Amerika ya Kusini.

Katika Surinam mabwana wa mashamba hawakujali kitu ila sukari. Walimcheka Maria kwa sababu alitafuta vitu vingine. Mashamba yale yalilimwa na watumwa waliotolewa Afrika, wengine katika pwani ya Loango, upande wa kaskazini wa mlango wa Mto Kongo. Watumwa hao na wenyeji wa inchi ndio waliomsaidia. Walimkatia njia mwituni, walimletea viwavi na mijusi, walimweleza majani yanayoliwa na yale ya dawa. Maria aliandika katika kitabu chake kwamba watumwa walitendewa vibaya sana. Ila majina ya wasaidizi wake hakuyaandika. Tungependa kuyajua leo, lakini yamepotea.

Siku moja alikuta mayai ya mjusi mdogo, ndugu ya tegu. Aliyachukua merikebuni aliporudi. Mayai yakatoa watoto katikati ya bahari, lakini wakafa wote, kwa kuwa hapakuwa na chakula chao.

Alitaka kukaa Surinam miaka mingi, lakini homa ilimshika vikali. Mwaka 1701 ilimbidi arudi Ulaya. Hakuacha kazi. Mwaka 1705 alitoa kitabu kikubwa chenye picha 60 za vidudu vya Surinam. Alikufa Amsterdam mwaka 1717. Miaka miwili baadaye kitabu kilichapwa tena, kimeongezwa picha 12, na katika hizo mlikuwa na picha ya tegu.

Sasa sikilizeni habari ya majina. Mwaka 1758 Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, aliwapa wanyama wengi majina ya Kilatini. Kwa viumbe vingi vya Surinam alizitazama picha za Maria. Tegu alimwita Lacerta teguixin. Mwaka 1839 wataalamu wawili wa Paris, Duméril na Bibron, walimwita tegu mmoja mweusi na mweupe Salvator merianae, kwa heshima ya bibi huyu. Salvator maana yake mwokozi. Watu wa zamani walidhani mijusi hiyo huwaonya watu mamba anapokaribia.

Lakini baadaye wataalamu walichanganya tegu hawa. Yule mweusi na mweupe wa kusini wakampa jina la tegu wa kaskazini, na jina la Merian likaachwa. Ndipo mwaka 1995 Teresa Ávila-Pires, mtaalamu wa mijusi wa Brazil, alipochunguza jambo hili upya. Alionyesha kwamba teguixin ni jina la tegu wa kaskazini mwenye rangi ya dhahabu, na wa kusini akarudishiwa jina la Merian. Mwaka 2012 hata jina Salvator lilirudishwa. Namna ya kuwatenga ni hii: kati ya tundu la pua na jicho, tegu wa dhahabu ana gamba moja, tegu wa Merian ana mawili, moja nyuma ya jingine. Gamba moja tu! Kwa sababu ya kutotazama vizuri, wataalamu walikosa miaka mingi.

Tena kuna jambo la ajabu. Tegu mwenye jina la Merian hakai Surinam. Anakaa Brazil, Paraguay, Uruguay na Argentina. Bibi Merian hakufika huko. Alipewa jina la mnyama asiyemwona kwa macho, kwa sababu aliwafundisha wengine kutumia macho yao.

Nanyi, watoto, mkitembea kando ya mto, msiseme upesi jina la mnyama. Kwanza simameni, tazameni.

Maulizo
1. Kwa nini Maria hakuridhika na wanyama waliokufa?
2. Ni nani waliomsaidia katika Surinam?
3. Tegu wa dhahabu na tegu wa Merian hutengwa kwa alama gani?
4. Tafuteni mijusi miwili karibu na shule. Inafanana wapi? Inaachana wapi?