Aaron Swartz: Kijana aliyetaka maktaba zisifungwe

Na Mwandishi Wetu

AARON Swartz alikuwa na umri wa miaka 14 tu jina lake lilipotokea miongoni mwa waandishi wa RSS 1.0, utaratibu uliotolewa Desemba 2000 ili kuiwezesha tovuti kuwatangazia wasomaji wake yenyewe kwamba ina jambo jipya. Wahandisi aliokuwa akijadiliana nao kwa barua pepe walimdhania kuwa mtu mzima mwenzao. Walipomwalika mkutanoni ndipo walipojua kuwa ni mtoto wa shule ambaye hawezi kusafiri bila ruhusa ya mama yake.

Kijana wa Mchikichini anayejiunga na podikasti kwenye simu aliyoinunua Kariakoo hufikiwa na vipindi vipya kwa njia ya RSS hadi leo.

Swartz alizaliwa Novemba 8, 1986 huko Highland Park, karibu na jiji la Chicago, Marekani. Baba yake alikuwa na kampuni ya programu za kompyuta. Mwaka 2000 alipata tuzo ya ArsDigita kwa kubuni ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo msomaji yeyote angeweza kuiandika. Wikipedia ilikuwa bado haijaanza. Ilikuja Januari 2001.

Mwaka 2004 alishirikiana na John Gruber kuunda Markdown, namna nyepesi ya kuandika makala ya blogu kwa alama za kawaida badala ya misimbo ya HTML inayochosha macho. Anayeweka nyota pembeni mwa neno kwenye WhatsApp ili likolee anafuata desturi ya ukoo huohuo. Mwaka huo pia Ndesanjo Macha alianzisha Jikomboe, moja ya blogu za kwanza za Kiswahili, na mwaka 2005 Issa Michuzi akafungua yake. Katika blogu yake, Swartz aliandika juu ya kila alichokiokota: vitabu alivyosoma, programu alizotunga, hata maradhi na huzuni zake.

Chuo Kikuu cha Stanford alikiacha baada ya mwaka mmoja. Kampuni yake changa iliunganishwa na Reddit, ambayo Oktoba 2006 ilinunuliwa na Condé Nast. Fedha alizipata, lakini kazi ya ofisini ilimshinda na mapema mwaka 2007 akaachishwa.

Kilichomkera zaidi ni maarifa ya umma kuuzwa. Mwaka 2008 alipakua mamilioni ya kurasa za kumbukumbu za mahakama za Marekani, ambazo mfumo wa PACER uliziuza kwa senti nane kila ukurasa. Wapelelezi wa FBI walimchunguza, wakamwacha.

Mara ya pili hakuachwa. Kuanzia Septemba 2010, akitumia mtandao wa chuo cha MIT, alipakua mamilioni ya makala za kitaaluma kutoka hazina ya JSTOR. Hatimaye aliificha kompyuta yake katika chumba kidogo cha nyaya. Kwamba alivunja masharti ya huduma ile, wachache hubisha. Ubishi mkubwa ni juu ya uzito wa rungu lililoinuliwa. Alikamatwa Januari 6, 2011. JSTOR walimalizana naye nje ya mahakama na kusema hawana haja ya kesi, ila waendesha mashtaka wa serikali waliendelea, na kufikia Septemba 2012 makosa yalikuwa 13.

Katikati ya misukosuko hiyo aliongoza upinzani dhidi ya muswada wa SOPA, uliotishia kufunga tovuti kwa tuhuma za hakimiliki. Januari 18, 2012 Wikipedia ya Kiingereza na maelfu ya tovuti nyingine zilizima kurasa zao, na muswada ukawekwa kando.

Alikataa kukiri kosa ili afungwe miezi michache. Kwa mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa hadharani, kuitwa mhalifu maisha yake yote lilikuwa jambo zito. Januari 11, 2013 alijitoa uhai katika makazi yake Brooklyn, New York, akiwa na miaka 26.

Siku mbili kabla, JSTOR ilikuwa imetangaza kuwa makala za majarida takriban 1,200 zitasomwa bure, kwa idadi maalumu, na yeyote atakayejiandikisha. Mashtaka yalifutwa Januari 14.