Mtemi Mirambo na Somo la Kurudisha Thamani

Ukipanda treni ya Kigoma kutoka Tabora mjini, utapita Urambo. Wengi hapa chuoni wanaijua kwa tumbaku. Wachache wanajua kwamba jina la wilaya hiyo limetokana na mtu mmoja, Mtemi Mirambo, aliyefariki tarehe 2 Desemba 1884. Nataka kusimulia maisha yake, lakini kwa jicho la mwanafunzi wa ualimu anayesoma hisabati na kompyuta. Sababu ni hii: katika Python, mada inayowasumbua sana wanaoanza ni kupitisha na kurudisha thamani kati ya funksheni, na mimi sijapata mfano unaoieleza vizuri kuliko maisha ya mtemi huyu.

Wasiosoma kompyuta wasiachwe nyuma. Funksheni ni kipande cha programu chenye jina na kazi yake. Unaiita kwa jina, unaipitishia thamani, inafanya kazi yake ndani, halafu inakurudishia jibu. Ndani yake inaweza kuwa na vigeu vyake yenyewe, lakini kazi ikiisha vigeu hivyo vinafutika. Kwa funksheni rahisi tunazoanza nazo, aliyeiita anabaki na kile tu kilichorudishwa.

Sasa twende Unyamwezi. Mirambo alizaliwa karibu mwaka 1840, mtoto wa Kasanda, mtemi wa Uyowa, magharibi ya Tabora. Jina lake la nyumbani lilikuwa Mtyela. Mirambo ni jina la vita, na maana yake ni maiti. Wakati huo Unyamwezi haikuwa nchi moja. Ilikuwa tawala ndogo ndogo nyingi, kila moja na mtemi wake, na Uyowa ilikuwa mojawapo tu. Huo utemi mdogo ndio thamani ya kwanza aliyopitishiwa.

Ya pili ilitoka kwa Watuta, tawi la Wangoni waliofika pande zile kutoka kusini. Kwao alijifunza namna ya kupigana: vijana waliofunzwa pamoja, wanaokwenda mbio na kushambulia adui kabla hajajipanga. Vijana wake ndio waliojulikana kama rugaruga. Ya tatu ilitoka pwani. Misafara ilipanda kutoka Bagamoyo hadi Tabora, wengine wakaendelea mpaka Ujiji, wamebeba merikani, ushanga, bunduki na baruti. Ilishuka na pembe za ndovu, na pia watu waliotiwa utumwani, hilo tusilifiche. Wapagazi wengi wa njia ile walikuwa Wanyamwezi wenyewe. Baruti ya pwani ikakutana na vita vya Watuta mikononi mwa kijana mmoja wa Uyowa.

Njia ya misafara iliendeshwa kwa hongo. Ukifika kwa mtemi unatoa vitambaa au bunduki, naye anakupa ruhusa ya kupita, maji, na soko la kununua chakula. Mpaka hapo kila mtemi alikuwa kama funksheni nzuri: anapokea na anarudisha, msafara unasonga mbele. Lakini nani mwenye haki ya kutoza? Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mnywa Sele, mtemi wa Unyanyembe, alijaribu kuwatoza kodi wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Mwaka 1860 wakamwondoa madarakani, wakamweka Mkasiwa aliyewafaa wao. Mirambo aliyaona hayo akiwa bado kijana.

Mwaka 1871 likatokea tukio ambalo kila anayeanza programu angelielewa. Stanley, ambaye alikuwa Tabora mwaka huo, ameandika kwamba Mirambo alisimamisha msafara wa Waarabu uliokuwa ukienda Ujiji, akadai marobota matano ya nguo, bunduki tano na vipipa vitano vya baruti. Baada ya majadiliano marefu wakalipa. Alipokwisha kupokea, akawaambia warudi walikotoka, kwani njia ya Ujiji imefungwa.

Hebu tuiandike kama programu. Tuseme msafara una marobota 20. Funksheni ya hongo inapitishiwa 20, ndani inatoa 5, inapata 15. Ikirudisha 15, na msafara ukaipokea katika kigeu chake, kijiji kinachofuata kitaanza hesabu na 15. Ikisahau kurudisha, hesabu ya ndani itakuwa sahihi kabisa, lakini aliyeiita atapata utupu. Python ina jina la utupu huo, None, na mstari unaofuata ukijaribu kutoa 5 kwenye utupu programu itakwama. Kosa litaonekana kijiji cha pili, ilhali limefanyika kijiji cha kwanza. Ndiyo maana linachosha kulitafuta.

Njia ya Ujiji ilikwama hivyo hivyo. Mwezi Agosti Waarabu wa Tabora walitoka na jeshi kubwa, Stanley akiwa nao. Waliiteka ngome moja ya Mirambo, wakabeba pembe na mateka, na wakiwa njiani kurudi, mizigo kichwani, rugaruga wakawavizia kwenye majani marefu. Wengi waliuawa. Siku chache baadaye Mirambo akaingia Tabora yenyewe na kuchoma sehemu ya mji. Stanley alilazimika kuzungukia kusini ili afike Ujiji kwa Livingstone. Vita viliendelea mpaka katikati ya miaka ya 1870, na Waarabu hawakuweza kumwondoa kama walivyomwondoa Mnywa Sele.

Miaka iliyofuata ndiyo kilele chake. Tawala zilizomzunguka aliziweka chini yake moja baada ya nyingine, upande wa Ziwa Tanganyika na upande wa Ziwa Victoria. Mwaka 1876 alichanjiana damu na Stanley yule yule aliyekuwa adui yake. Mwaka 1879 alimpokea Dk. Southon, mmisionari wa London Missionary Society, aliyekaa Urambo na kumwandikia barua za kwenda kwa Kirk, balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar. Mirambo alitaka kushughulika na dunia moja kwa moja, bila kupitia kwa Waarabu wa Tabora. Uhusiano huo ukavunjika mwaka 1880, pale Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, walipouawa Mpimbwe katika mapigano ya jeshi lake na washirika wake. Southon naye alifariki mwaka 1882 kwa jeraha la risasi iliyofyatuka kwa ajali. Kalamu ilikuwa ya mgeni, na mgeni akaondoka nayo.

Mirambo alifariki akiwa na miaka kama 44. Mpandashalo, ndugu yake, akarithi kiti. Lakini watemi waliokuwa chini ya Mirambo walikuwa chini ya Mirambo mwenyewe, si chini ya kiti. Mmoja mmoja wakajitoa. Rugaruga waliishi kwa nyara, na bila ushindi nyara hazipatikani. Mpandashalo alipigana miaka michache tu, naye akauawa vitani. Mwaka 1890 bendera ya Wajerumani ilipandishwa Tabora, na Isike wa Unyanyembe alipopigana nao mpaka kufa mwaka 1893, hapakuwa na dola kubwa ya Urambo ya kuwabana kutoka upande wa pili.

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Anayeanza programu huchanganya vitu viwili: kuonyesha jibu kwenye skrini na kurudisha jibu. Kwa macho vinafanana. Unaendesha programu, namba 15 inatokea, unafurahi. Lakini namba iliyoonyeshwa imeonekana tu, haijakabidhiwa kwa mtu. Funksheni nyingine haiwezi kuichukua ikaendelea nayo. Dola ya Mirambo ilionekana kutoka Ujiji hadi Zanzibar na mpaka London. Hesabu yake ilikuwa sahihi: utemi mdogo, jumlisha vita vya Watuta, jumlisha baruti ya pwani, ukapata nguvu ambayo Tabora nzima ilishindwa kuivunja. Ila jibu lilikaa ndani ya mtu mmoja, na mtu alipoisha vigeu vyake vikafutika.

Najua wapo watakaosema namwonea. Alikuwa vitani karibu maisha yake yote ya utawala, na hakuishi mpaka uzeeni. Ni kweli. Tena kuna alichorudisha: jina la Urambo lipo kwenye ramani, Tabora kuna kambi ya jeshi yenye jina lake, na kila mwanafunzi wa historia amemsoma. Mimi simlaumu. Nasema tu kwamba jina ni sehemu ndogo ya kile alichokijenga, na kilichobaki ndani kilikuwa kikubwa zaidi.

Sisi wa ualimu tuna funksheni yetu ya kila mwaka, mazoezi ya kufundisha. Tunapitishiwa vitu: bumu, vitabu, darasa la wanafunzi sitini au zaidi, na mwalimu mwenyeji anayetupisha vipindi vyake. Kwa wiki kadhaa tunafanya kazi kweli kweli. Kufikia wiki ya tatu unajua nani hajui sehemu, nani anaona aibu kuuliza, nani anakaa nyuma kwa sababu haoni ubao. Siku ya mtathmini unafundisha somo zuri, anaandika alama, zinaonekana. Kisha unapanda basi, na kila ulichokijua kuhusu watoto wale kinaondoka na wewe. Mwalimu anayerudi darasani anaanza tena na utupu, anatumia mwezi mzima kugundua ulichokuwa umeshakigundua.

Nina pendekezo dogo kwa wenzangu tutakaokwenda msimu huu. Kabla ya kuondoka, acha karatasi moja au mbili kwa mwalimu mwenyeji: mada ulizomaliza, ulikoishia kwenye azimio la kazi, wanafunzi wanaohitaji msaada na msaada wenyewe ni upi, na zana ulizotengeneza umezihifadhi wapi. Na usiiache mezani ukadhani imefika. Hata kwenye Python, thamani ikirudishwa bila kigeu cha kuipokea inapotea vile vile. Mpe mkononi, kaa naye dakika kumi, hakikisha ameelewa. Hiyo haina alama kwenye fomu ya mtathmini, lakini kwa mtoto wa kidato cha pili aliyeanza kuelewa sehemu wiki uliyoondoka, ndiyo thamani yenyewe.