Wilbur Wright, fundi wa ndege

Wilbur Wright alizaliwa tarehe 16 Aprili 1867, karibu na kijiji cha Millville, katika nchi ya Marekani. Baba yake alikuwa askofu wa kanisa moja la Waprotestanti. Mama yake alikuwa hodari wa kazi za mikono. Mwaka 1878 baba aliwaletea Wilbur na mdogo wake Orville kitu cha kuchezea, kilichofanywa kwa mwanzi, karatasi na uzi wa mpira. Walipokiachilia, kiliruka juu. Wavulana wakastaajabu, wakajitahidi kutengeneza vingine kama hicho.

Mwaka 1892 ndugu hao wawili walifungua duka la baiskeli katika mji wa Dayton. Baadaye walianza kuunda baiskeli zao wenyewe. Katika kiwanda chao kidogo walikuwa na mashine ya kukerezea vyuma, mashine ya kutobolea na vyombo vya useremala. Vyombo hivyo ndivyo vilivyounda ndege.

Mwaka 1896 Otto Lilienthal, Mjerumani aliyeruka kwa mabawa, alianguka akafa. Wilbur alifikiri sana juu ya jambo hilo. Akaona kwamba kupanda hewani hakutoshi. Mtu lazima kwanza ajue kuiongoza ndege. Kwa hiyo yeye na Orville walianza na ndege zisizo na mota. Mwaka 1900 na 1901 walizijaribu Kitty Hawk, kando ya bahari, mahali penye upepo mwingi na mchanga laini.

Ndege ya mwaka 1901 haikupanda kama hesabu za vitabu zilivyosema. Wilbur alikaribia kukata tamaa. Lakini alirudi kiwandani. Huko ndugu hao waliunda sanduku refu la mbao, wakapitisha upepo ndani yake, wakapima vibawa vidogo kama 200, kimoja kimoja. Kila kipimo walikiandika. Hivyo walipata hesabu zao wenyewe, na ndege ya mwaka 1902 iliruka vizuri.

Mwaka 1903 walianza ndege yenye mota. Charles Taylor, fundi wao, aliunda mota kwa muda wa majuma sita. Wao walichonga mbao nyepesi, wakashona kitambaa cha pamba cha mabawa, wakachonga na mapanga mawili ya mti ya kuisukuma ndege. Mapanga hayo yalizungushwa kwa minyororo kama ile ya baiskeli. Mabawa yalikuwa na urefu wa zaidi ya metre 12, wala hayakuenea kiwandani. Basi walifunga vipande masandukuni, wakavipeleka Kitty Hawk, wakaviunganisha katika kibanda cha mbao.

Huko taabu hazikukosa. Vyuma vya kuzungushia mapanga vilivunjika, ikabidi Orville arudi Dayton kutengeneza vingine. Tarehe 14 Desemba Wilbur alijaribu kuruka. Ndege ikaanguka, ikavunjika kidogo. Wakaitengeneza tena. Tarehe 17 Desemba 1903 Orville aliruka kwa sekunde 12. Siku ile ile Wilbur aliruka kwa sekunde 59, akafika metre 260.

Mwaka 1908 Wilbur alikwenda Ufaransa. Alipofungua masanduku ya ndege yake, alikuta vipande vingi vimevunjika. Akapewa nafasi katika kiwanda cha magari mjini Le Mans. Siku moja maji ya moto ya mota yalimwunguza mkono, lakini hakuiacha kazi. Tarehe 8 Agosti aliruka mbele ya watu, na waliokuwa na mashaka wakashangilia. Hata alipokuwa na sifa kubwa, hakuruka siku ya Dominika.

Wilbur alikufa kwa homa ya matumbo tarehe 30 Mei 1912, akiwa na miaka 45. Watu wengi wanakumbuka sekunde zile chache za hewani. Lakini zilitanguliwa na miaka ya kupima, kukata, kushona na kurudia. Mtoto anayepima ubao wake vizuri kabla ya kuukata anafuata njia ya Wilbur.

Maswali
1. Kwa nini Wilbur alitaka kujua kwanza kuiongoza ndege?
2. Sanduku la upepo lilikuwa la kazi gani?
3. Wilbur alifanya nini alipokuta vipande vimevunjika?